Fundi Mwashi na Sayansi ya Zege

Nyumba ni mojawapo ya mahitaji makuu matatu ya binadamu, pamoja na chakula na mavazi. Katika Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya nyumba za wananchi haijengwi na makampuni makubwa yenye mitambo, bali na mafundi wa mtaani: fundi mwashi, seremala, fundi wa nondo na saidia fundi wao. Wengi wa mafundi hawa hawakupita chuoni. Walianza kwa kuchota maji na kukoroga udongo, wakautazama mkono wa aliyewatangulia, na hatimaye wakakabidhiwa mwiko. Ufundi wao ni elimu ya kweli. Lakini ni elimu iliyotokana na nyumba ya chini yenye kuta za udongo, mawe au tofali, nayo sasa inatakiwa kubeba ghorofa za zege na nondo. Hapo ndipo penye mushkeli.

Gharama ya mushkeli huo imeonekana. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Maafa ya namna hii hayana sababu moja: yumo mwenye jengo anayeongeza ghorofa zisizokuwamo katika ramani, yumo msimamizi asiyefika, na umo udhaifu wa ukaguzi. Haifai kumtwisha fundi lawama zote. Hata hivyo, mkono wa mwisho unaogusa zege kabla halijawa jiwe ni mkono wa fundi, na mkono huo ukijua sababu ya kila kitendo, makosa mengi huzuiwa mapema.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwalimu au mwanafunzi anayetembelea eneo la ujenzi anaweza kuyaona kwa macho yake, sayansi iliyo nyuma ya mambo hayo, na sababu za kutaka mafunzo ya ujenzi yamfikie fundi pale pale anapofanyia kazi.

Yale ayajuayo fundi

Mgeni anayefika mahali pa ujenzi kwanza ajifunze kabla ya kufundisha. Fundi anapopanga msingi, hupima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba kati ya alama hizo mbili mpaka ipatikane futi 5 kamili. Hapo kona imekuwa mraba. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, kwa kuwa 9 na 16 ni 25, nayo hutumiwa kila siku na watu ambao huenda hawakupata kulisikia jina hilo.

Vivyo hivyo, fundi huchukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, akaujaza maji, akashika ncha moja kwenye kona ya nyumba na mwenzake akashika ncha ya pili kwenye kona nyingine. Maji yanapotulia, uso wake katika ncha zote mbili huwa katika kimo kimoja, hata kama katikati pana kifusi. Hiyo ni kanuni ya shinikizo la maji inayofundishwa katika somo la Fizikia. Timazi nayo, ambayo ni uzito uliofungwa kwenye uzi, huonyesha uelekeo wa nguvu ya mvutano wa dunia. Fundi akigonga tofali mbili zikalia kwa sauti kali, hujua kuwa zimekomaa. Zikitoa sauti ya kuvia, huziweka kando.

Kwa hiyo fundi si mtu asiyejua. Ni mtu anayejua mengi kwa njia ya mazoea. Upungufu hutokea katika mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona, au ambayo matokeo yake huchelewa mno kiasi kwamba mazoea hayawezi kuyafundisha.

Maji mengi, nguvu kidogo

Jambo la kwanza la namna hiyo ni maji ya zege. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa ya mawe pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, kisha kusaga mabonge yapatikanayo pamoja na jasi kidogo. Ikikutana na maji, saruji haikauki kama udongo ukaukavyo juani, bali huingia katika badiliko la kikemia. Maji huungana na silikati za kalisi zilizomo, na hapo huota nyuzinyuzi ndogo mno zinazoshikana na kufunga mchanga na kokoto kuwa jiwe moja.

Badiliko hilo huhitaji maji kiasi tu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huweza kutumia kiasi cha lita 20. Maji yanayozidi hapo humsaidia fundi kulainisha zege ili liingie vizuri katika kalibu, lakini hayana kazi katika kuungana kwa saruji. Hubaki ndani, kisha hutoka polepole kwa kuwa mvuke, na mahali yalipokuwapo huachwa vitundu visivyohesabika. Jiwe lenye vitundu ni jiwe dhaifu. Mtafiti wa Kimarekani Duff Abrams alichapisha kanuni hii mjini Chicago mwaka 1918: kwa vifaa vilivyo sawa, nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo nguvu inavyopungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita 25 za maji kwa mfuko wa kilo 50 ni uwiano wa 0.5. Fundi akiongeza ndoo ndogo ya lita 10 ili zege lichotwe kwa urahisi, uwiano huwa 0.7, na zege hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake. Tena yafaa kukumbuka maji yaliyojificha katika mchanga. Zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 lina kiasi cha kilo 105 za mchanga kwa kila mfuko wa saruji. Mchanga huo ukiwa na unyevu wa asilimia 5 tu, tayari umeleta lita 5 za maji kabla ndoo haijaguswa. Baada ya mvua, basi, maji ya ndoo hayana budi kupunguzwa.

Kosa hili haliwezi kugunduliwa kwa mazoea peke yake, maana zege lenye maji mengi humwagwa kwa urahisi, hujaza pembe zote, na siku ya kufungua mbao uso wake huwa laini na wa kupendeza. Udhaifu wake umo ndani. Ndiyo maana pana haja ya vipimo. Sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 25, huchukua lita 35, ambazo ni takriban ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Fundi akipima mchanga na kokoto kwa sanduku hilo badala ya kuhesabu makoleo, kila mkorogo utafanana na uliotangulia.

Zege hukomaa kwa maji

Jambo la pili ni kumwagilia. Kwa kuwa zege hukomaa kwa kuungana na maji, likinyimwa maji katika siku za mwanzo badiliko lile husimama kabla halijatimia. Jua kali na upepo vikipita juu ya sakafu ya ghorofa iliyomwagwa asubuhi, ifikapo jioni uso wake umekwisha kupoteza maji uliyoyahitaji. Hutokea nyufa nyembamba, na sehemu ya juu hubaki kuwa unga unga.

Dawa yake haina gharama kubwa. Zege lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, au kwa mchanga wenye maji, au kwa karatasi ya nailoni, na liwekwe katika hali ya unyevu kwa muda usiopungua siku 7. Wahandisi hupima nguvu ya zege baada ya siku 28, si kwa kuwa linaacha kukomaa siku hiyo, bali kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu zake imekwisha kupatikana. Zege lisilomwagiliwa kabisa huweza kubaki na nusu tu ya nguvu ambazo lingezipata. Mwenye nyumba aliyelipia mifuko 100 ya saruji na akaacha kumwagilia ni kama aliyelipia 100 akatupa sehemu kubwa ya mifuko hiyo.

Mahali pa nondo

Jambo la tatu ni nondo. Zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini huvumilia kidogo mno kuvutwa. Uwezo wake wa kustahimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kustahimili mgandamizo. Chuma nacho huvumilia mvuto. Vitu hivi viwili hupatana, kwa kuwa hushikana vizuri na kwa kuwa hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana joto linapopanda. Lakini ili ndoa hiyo ifae, nondo lazima iwe upande unaovutwa.

Boriti ya zege iliyolazwa juu ya kuta mbili ikibebeshwa mzigo, hupinda kuelekea chini katikati. Upande wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Kwa hiyo nondo kuu huwekwa chini. Sakafu ya baraza la ghorofani, ile inayochomoza nje ya ukuta bila nguzo, hufanya kinyume: ncha yake huinamia chini, na upande unaovutwa ni wa juu. Hapo nondo kuu hazina budi kuwa juu.

Sasa yatazamwe yanayotokea kazini. Sakafu ya baraza ina unene wa milimita 150, na nondo zimefungwa vizuri karibu na uso wa juu, kiasi kwamba kutoka katikati ya nondo hadi upande wa chini wa sakafu ni milimita 124. Siku ya kumwaga zege, vibarua hupita juu ya nondo hizo wakiwa na karai vichwani, zikakanyagwa na kushuka milimita 40. Kina kinachofanya kazi kimekuwa milimita 84, na uwezo wa baraza umepungua kwa theluthi moja hivi. Hakuna nondo iliyoibiwa, wala saruji iliyopunjwa. Nondo ni zile zile, ila zimeshuka kwa upana wa vidole viwili. Zege likishafunika, hapana jicho litakaloona kosa hilo. Tiba yake ni kuweka chini ya nondo vitegemeo vya chuma vilivyokunjwa, na kutandika mbao za kupitia watu.

Kwa upande wa chini wa boriti na sakafu, vipande vidogo vya zege, ambavyo mafundi wengi huviita biskuti, huinua nondo ili zisilale juu ya mbao. Nafasi hiyo ni kinga dhidi ya kutu. Zege changa lina asili ya besi kali, na katika hali hiyo chuma hujifunika kwa ngozi nyembamba inayozuia kutu. Zege likiwa jembamba mno juu ya nondo, hewa yenye kaboni dioksidi hupenya upesi na kuiondoa besi hiyo. Chumvi hufanya vibaya zaidi. Mchanga wa pwani usiooshwa huleta kloridi zinazoivunja ngozi ile, na kutu inayozaliwa huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilicholiwa. Zege husukumwa kutoka ndani, likapasuka na kubanduka. Nyumba nyingi za pwani huonyesha nondo zake kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi kwa sababu hiyo.

Hesabu ya tofali

Jambo la nne ni tofali za saruji. Tofali isiyo na matundu, yenye urefu wa sentimita 45, kimo cha sentimita 23 na upana wa sentimita 15, ina ujazo wa lita 15 na nusu. Fundi akitoa tofali 20 katika mfuko mmoja, kila tofali imepata kilo 2 na nusu za saruji. Akitoa 40, kila moja imepata kilo 1 na robo. Tofali hizi mbili zikipigwa lipu hazitofautiani kwa macho, na muuzaji wa tofali hafifu huuza kwa bei nafuu. Katika jambo hili elimu inamhusu mwenye nyumba kama inavyomhusu fundi, maana mara nyingi ni mwenye nyumba anayeleta mifuko michache na kudai tofali nyingi.

Kati ya mambo haya manne, matatu ya kwanza karibu hayaongezi gharama yoyote. Kupunguza maji hakununuliwi. Magunia mabovu hupatikana kila soko. Na kuinua nondo kunahitaji uangalifu. Kinachokosekana ni maarifa, na maarifa ndiyo kazi ya mafunzo.

Ufundi ukisahauliwa

Kwamba ufundi ni mali inayoweza kupotea ni jambo linaloonekana wazi katika pwani ya Waswahili. Kwa karne nyingi mafundi wa Kilwa, Lamu na Zanzibar walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti hizo, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Chokaa hupumua: unyevu ulioingia ukutani huweza kutoka. Fundi wa leo aliyezoea saruji akiupaka ukuta wa namna hiyo lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza polepole. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Kuyatunza majumba ya namna hii kunataka mafundi wanaoijua chokaa kama babu zao walivyoijua, na mafundi hao hawapatikani pasipo kufundishwa.

Mafunzo yamfuate fundi

Tanzania haikuanza jana kushughulikia jambo hili. Kitengo cha utafiti wa majengo kilianzishwa mwaka 1971, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vimefundisha uashi na useremala vijijini. Baraza la Taifa la Ujenzi liliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2011, iliunda mamlaka ya ujenzi ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuwasajili mafundi stadi na wasimamizi wa kazi.

Vyombo vipo. Kizuizi ni umbali kati ya chuo na jukwaa la ujenzi. Fundi mwenye umri wa miaka 40 na watoto wanne hawezi kuacha kibarua miezi sita ili akae darasani. Siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na unga. Kwa hiyo mafunzo yanayomfaa ni yale yanayomfuata. VETA imekuwa na utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini: hupimwa kwa maswali na kwa vitendo, hufundishwa yale waliyopungukiwa, kisha hupewa vyeti. Utaratibu huo unastahili kupanuliwa hadi kila wilaya, na ziara za wakufunzi katika maeneo ya ujenzi ziwe sehemu yake ya kudumu.

Ziara yenye manufaa ina utaratibu wake:

(a) Mkufunzi aje kama mgeni mwenye adabu, si kama mkaguzi mwenye faini. Aulize kwanza, kwa kuwa fundi aliyeogopeshwa huficha makosa yake.

(b) Ashike kazi mwenyewe. Neno la mtu asiyeweza kupanga tofali tatu halina uzito mbele ya mafundi.

(c) Apime mbele ya wote. Zege likijazwa katika koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, kwa tabaka tatu, kila tabaka likapigwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni ikainuliwa, kushuka kwa zege kutaonyesha wazi kama maji yamezidi. Dakika chache za kipimo hiki hushinda hotuba ya saa nzima.

(d) Aache kitu nyuma: sanduku la kupimia, mfano wa biskuti, na ahadi ya kurudi siku ya kumwaga zege.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ziara ya namna hii hata mgeni hupona, maana mhandisi kijana hujifunza kwa fundi mambo ambayo hayamo katika vitabu vyake.

Kazi ya shule

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari ya Tanzania. Lakini hata shule isiyo na karakana inaweza kufundisha sayansi ya ujenzi kwa vifaa vichache.

Jaribio la kwanza ni la mchanga. Chupa ya kioo ijazwe mchanga hadi theluthi, iongezwe maji hadi theluthi mbili na chumvi kidogo, itikiswe kwa nguvu, kisha iachwe saa tatu. Tope laini litakaa juu ya mchanga. Unene wa tope ukizidi takriban sehemu 8 kwa 100 za unene wa mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe, kwa kuwa tope huzuia saruji isishike punje.

Jaribio la pili ni la maji. Wanafunzi wachanganye saruji kipimo 1 na mchanga vipimo 3, watengeneze fito zenye urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2. Kundi la kwanza la fito liwe na maji nusu ya uzito wa saruji. La pili liwe na maji sehemu 8 kwa 10 za uzito huo. Nusu ya kila kundi ifunikwe kwa gunia lenye maji, na nusu iachwe juani. Baada ya siku 7 kila ufito ulazwe juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 36, itundikwe ndoo katikati, na maji yamiminwe polepole mpaka ufito uvunjike. Lita zilizomo katika ndoo zikiandikwa katika jedwali, darasa zima litaiona kanuni ya Abrams kwa macho. Mikono ioshwe vizuri baada ya kazi, kwa kuwa saruji mbichi huunguza ngozi.

Baada ya majaribio hayo, mwalimu awapeleke wanafunzi mahali pa ujenzi palipo karibu, kwa ruhusa ya mwenye kazi, na fundi awe mwalimu wa siku hiyo. Wengine kati ya wanafunzi hao watakuwa wahandisi, wengine mafundi, wengine madiwani wanaopitisha vibali, na karibu wote, siku moja, watamwajiri fundi awajengee nyumba. Siku hiyo ikifika, watajua kuuliza kuhusu ndoo ya maji, gunia na biskuti kabla ya kuuliza rangi ya ukuta.